Alamu, umeme na bando: jinsi ya kulinda lengo moja lisife njiani

Kila Januari maswali ya walioanza malengo mapya ni yaleyale, na ukiyatazama vizuri utaona mengi hayahusu nia ya mtu hata kidogo. "Alamu niliweka, mbona haikulia?" "Programu imefuta siku zangu zote, nianze upya?" "Bando liliisha nikashindwa kuifungua." "Nimeruka siku tatu, sasa nifanyeje?" Mtu hujilaumu kwamba hana nidhamu, kumbe kilichomwangusha ni simu iliyozima programu usiku wa manane, au alamu iliyowekwa 11:00 badala ya 05:00. Hayo yanarekebishika kwa jioni moja.

Mwongozo huu unasimama juu ya kanuni moja: simu ipewe kazi moja tu, kulia. Kukumbuka na kuhesabu iachiwe karatasi. Mifano ni ile mitatu inayoulizwa zaidi: mazoezi ya alfajiri, kusoma kitabu na kuweka akiba. Lengo lako likiwa jingine, hatua hazibadiliki.

Wala usingoje mwaka mpya. Januari ina ada, sare, madaftari na mwenye nyumba anayetaka kodi ya miezi mitatu kwa mpigo. Ni mwezi mbaya wa kuanzisha chochote. Jumatatu yoyote ya katikati ya mwezi inafaa zaidi. Na kama ni lazima uanze na mwaka, watu wa Makunduchi, Zanzibar, wanaukoga mwaka wao mwezi wa saba.

Vitu vya kuandaa

- Simu unayoitumia kila siku, pamoja na chaja isiyohitaji kushikiliwa kwa pembe ili ipeleke moto.
- Kalenda ya ukutani yenye visanduku vya tarehe. Zile za bure za maduka, benki na makanisa zinatosha.
- Kalamu ya wino na uzi wa kama nusu mita.
- Kipande cha karatasi ngumu, ukubwa wa karata. Boksi la dawa ya meno lililokatwa linafaa.
- Kitochi, yaani simu ndogo ya vitufe, kama unacho au unaweza kuazima. Hiki ni alamu ya akiba.
- Mtu mmoja anayekufahamu na asiyekuogopa.
- Muda wa saa moja na nusu, jioni moja, kisha siku saba za majaribio.

Saa ya mkononi ya kuhesabu hatua, programu ya kulipia na viatu vipya havihitajiki sasa. Anayeanza kwa kununua mara nyingi huishia hapohapo kwenye kununua.

Hatua ya 1: Chagua lengo moja, uligeuze kuwa kitendo

"Kuwa na afya" si kitendo. "Kupunguza matumizi" si kitendo. Kipimo ni hiki: mtu aliyesimama karibu nawe aweze kusema "amefanya" au "hajafanya" bila kukuuliza.

Andika hivi: nitatembea kwa kasi dakika 20, nitasoma kurasa 5, nitatumbukiza shilingi 2,000 kwenye kibubu. Halafu piga hesabu uone kama inakupeleka unakotaka. Kurasa 5 kwa siku zinamaliza kitabu cha kurasa 200 kwa siku 40. Shilingi 2,000 kwa siku sita za wiki ni 12,000, na kwa mwezi wa siku 26 za kazi ni 52,000. Kama unahitaji 600,000 ndani ya miezi mitatu, kiwango hicho hakitoshi, na ni bora ujue leo kuliko mwezi wa tatu.

Lengo ni moja. Ukianza na matatu, siku likivunjika moja utashindwa kujua kilicholivunja, na mara nyingi litaondoka na wenzake. La pili liongeze kalenda ikishaonyesha wiki sita nzuri.

Hatua ya 2: Lifunge kwenye jambo unalofanya tayari

Andika kwenye ile karatasi ngumu sentensi ya umbo hili: *Nikishamaliza* jambo fulani, *nitafanya* kitendo changu, *mahali* fulani. Kwa mfano: "Nikishapiga mswaki usiku, nitasoma kurasa 5 nikiwa nimekaa kwenye kiti cha sebuleni." Au: "Nikishaswali alfajiri, nitavaa raba na kutoka, bila kurudi kitandani."

Hilo jambo la kwanza lazima litimize masharti matatu: litokee kila siku, Jumapili ikiwemo, lisitegemee umeme, lisitegemee mtu mwingine. "Nikitoka kazini" haifai, kwa sababu kuna foleni, kuna bosi, kuna siku unapitia sokoni. "Baada ya taarifa ya habari" haifai, umeme ukikatika nayo imekwenda. "Nikiwa kwenye daladala" inafaa tu kama unapandia kituo cha mwanzo na unapata siti kila siku. Anayesimama ameshika bomba hasomi kitabu.

Karatasi hiyo ibandike mahali jambo la kwanza linapofanyika: kando ya kioo cha kupigia mswaki, au ukutani juu ya mkeka wa kuswalia. Usiipige picha ukaihifadhi kwenye simu. Itazama chini ya picha za watu na risiti, na hutaiona tena.

Hatua ya 3: Panga kiwango cha chini

Kutakuwa na msiba. Watakuja wageni walale chumbani kwako. Masika itanyesha kuanzia alfajiri hadi mchana. Kwa siku hizo andaa mapema toleo dogo la kitendo chako, linalomalizika ndani ya dakika mbili bila umeme wala bando:

- Mazoezi: kuchuchumaa na kusimama mara 10 kando ya kitanda.
- Kusoma: ukurasa 1.
- Akiba: shilingi 200.

Andika nyuma ya ile karatasi. Siku uliyofanya kiwango cha chini inahesabiwa kuwa siku kamili, haina alama ya nusu. Wengi huikataa hatua hii kwa kuiona ya kitoto, na hao ndio wanaorudi kuuliza wafanyeje baada ya kuruka siku tatu.

Nadharia ni hii tu. Watafiti wa University College London, wakiongozwa na Phillippa Lally, walifuatilia watu 96 waliokuwa wakijizoesha kitendo kipya, na matokeo yakatoka 2009. Walikadiria kwamba ilichukua kati ya siku 18 na 254 kwa kitendo kuzoeleka, katikati ikiwa siku 66. Kukosa siku moja hakukuharibu jambo. Kwa hiyo zile siku 21 zinazotajwa kila mahali usizitegemee. Ikifika ya 22 na bado unajikokota, hujakosea chochote.

Hatua ya 4: Rekebisha alamu

Hapa ndipo malengo mengi ya alfajiri yanapofia. Usiruke kipengele hata kimoja. Majina ya menyu hutofautiana kidogo kutoka simu hadi simu. Yaliyoandikwa kwa Kiingereza hapa ndivyo yanavyoonekana kwenye simu nyingi za Android.

*Saa yenyewe.* Nenda kwenye Mipangilio, sehemu ya tarehe na saa, uwashe mfumo wa saa 24. Kisha badili saa yako hivi: kuanzia saa sita usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, toa 6. Kuanzia saa moja asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, ongeza 6. Kuanzia saa moja hadi saa tano usiku, ongeza 18. Kwa hiyo saa kumi na moja na nusu alfajiri ni 05:30, na saa tatu usiku ni 21:00. Aliyeandika 11:30 ataamshwa akiwa kazini. Aliyeacha mfumo wa saa 12 na kukosea asubuhi na jioni ataamshwa akiwa kwenye foleni ya kurudi nyumbani.

Angalia pia mwanga. Jua la Kigoma huchomoza karibu dakika 40 baada ya la Dar es Salaam ingawa saa ni moja, kwa hiyo usinakili ratiba ya mtu wa Dar. Kama mtaa wako haupitiki gizani, sogeza alamu mbele au fanyia mazoezi uani.

*Kurudia.* Alamu isiyochaguliwa siku za kurudia hulia mara moja tu, kesho yake imezimwa. Hili ndilo kosa la asubuhi ya pili. Gusa siku zote saba hadi ziwe na rangi.

*Programu ipi.* Tumia programu ya saa iliyokuja na simu. Zile za kupakua zina mbwembwe nyingi, mara hesabu za kujumlisha, mara kutikisa simu, lakini ndizo za kwanza kuuawa na mfumo wa kuokoa betri. Ipo sababu nyingine: simu ikijizima na kujiwasha usiku, labda kwa kusasisha mfumo, programu nyingi za kupakua hazifanyi kazi hadi uweke namba ya siri. Wewe umelala, nani ataiweka? Saa iliyokuja na simu kwa kawaida hulia hata kabla ya kufunguliwa.

*Betri.* Ukilazimika kutumia programu ya kupakua, nenda Mipangilio, Programu, jina lake, Betri, uchague Unrestricted. Samsung ina orodha ya programu zinazolazwa: hakikisha yako haimo, na iweke kwenye zile zisizolazwa kamwe. Kwenye Xiaomi washa pia Autostart. Kwenye Tecno na Infinix fungua Phone Master, tafuta usimamizi wa programu zinazojiwasha, uiruhusu. Na acha ile tabia ya kubonyeza "safisha" kila kabla ya kulala. Unachokisafisha huenda ndicho kitakachokuamsha.

*Sauti.* Sauti ya alamu haifuati sauti ya mlio wa simu wala ya muziki. Bonyeza kitufe cha sauti, gusa alama ya kufungua orodha yote, uvute mstari wa alamu hadi karibu na mwisho. Chagua mlio uliomo ndani ya simu. Wimbo wa mtandaoni unahitaji bando, na wimbo wa kwenye memori kadi unahitaji kadi isomeke. Asubuhi si wakati wa kutegemea kimojawapo.

*Usinisumbue.* Hali hii ya kunyamazisha simu (Do Not Disturb) huruhusu alamu, isipokuwa mtu awe amebadilisha au amechagua ukimya kamili. Fungua uhakikishe alamu zimeruhusiwa. Hali ya ndegeni haizuii alamu, nayo hupunguza sana kula chaji.

*Chaji.* Usitegemee kuchaji ukiwa umelala. Umeme ukikatika saa nane usiku, au swichi ya soketi ikisahauliwa, simu iliyokuwa na asilimia 6 haifiki alfajiri, na simu nyingi za kupangusa zikizimika alamu nayo imezimika. Chomeka saa moja usiku, chomoa ukienda kulala. Asilimia 30 katika hali ya ndegeni inatosha usiku mzima kwa betri ambayo haijachoka. Mwenye pawabenki ajue kwamba ya 10,000 mAh haijazi simu ya 5,000 mAh mara mbili. Sehemu hupotea njiani, utapata mara moja na kidogo.

*Saa za eneo.* Hili ni la walio mpakani: Kigoma, Ngara, Rusumo, Tunduma, Kasumulu. Burundi, Rwanda, Zambia na Malawi ziko nyuma ya Tanzania kwa saa moja. Simu ikidaka mnara wa ng'ambo hujirudisha nyuma, na alamu ya 05:30 italia wakati kwako ni 06:30. Zima kujipanga kwa saa za eneo, uchague mwenyewe Dar es Salaam au Nairobi, GMT+03:00.

*Mahali.* Simu ilale nje ya chandarua, mezani, hatua tatu kutoka kitandani. Ikiwa chini ya mto utaizima usingizini na hutakumbuka. Raba, soksi na nguo ziwe palepale chini ya meza, si kabatini.

*Akiba.* Weka kitochi kilie dakika 5 baada ya simu kubwa. Chaji yake hukaa siku kadhaa. Wiki mbili zikipita bila kukihitaji, kirudishe kwa mwenyewe.

Ukimaliza, jaribu mara mbili. Kwanza weka alamu ya dakika tatu zijazo, funga kioo, subiri. Pili, iache usiku kucha uone kama italia asubuhi. Jaribio la kwanza peke yake halitoshi, maana mfumo wa kuokoa betri hubana zaidi simu ikikaa saa nyingi bila kuguswa.

Hatua ya 5: Punguza kelele za simu

Alamu imelia, umeinyanyua simu uizime, na hapo unakuta ujumbe 143. Dakika ishirini za matembezi zimeishia kwenye kundi la waliosoma pamoja shule ya msingi.

Kwenye WhatsApp nyamazisha makundi yote kwa muda wote, si kwa saa 8, kisha yaweke kwenye kumbukumbu. Liache moja: la ukoo, au lile ambako taarifa za misiba hupitia. Usipofanya hivyo utakosa jambo zito, na kwa hasira utawasha yote tena. Kwa usiku ambao hukuweka hali ya ndegeni, kwenye hali ya Usinisumbue ruhusu simu za watu wa karibu, na uwashe kipengele cha anayepiga mara mbili ndani ya dakika 15 apite. Mwenye dharura hupiga tena.

Hali hiyo ijiwashe yenyewe kuanzia saa tatu usiku hadi nusu saa baada ya muda wa kitendo chako. Mwenye lengo la kusoma usiku aianzishe dakika 10 kabla ya kupiga mswaki.

Kuhusu vikomo vya muda vya Digital Wellbeing, kile kipengele cha Android cha kubana muda wa kutumia programu: vinasaidia, lakini vinavukwa kwa kugusa mara mbili, na huanza upya saa sita usiku, muda ambao ndio mbaya kuliko wote. Kinachofanya kazi vizuri ni usumbufu wa mikono. Toka kwenye akaunti ya mtandao unaokula muda wako, ondoa alama yake kwenye ukurasa wa kwanza wa simu, nenosiri liandike kwenye karatasi uiweke chumba kingine. Kulitafuta kila mara kunachosha, na uchovu huo ndio tunaoutaka.

Hatua ya 6: Tundika kalenda

Piga msumari karibu na mahali pa kitendo, si sebuleni kwa ajili ya wageni. Funga kalamu kwa uzi kwenye msumari huohuo, maana kalamu isiyofungwa itakwenda shule na mtoto. Kila ukimaliza weka alama ya mkasi kwenye tarehe. Siku ya kiwango cha chini, alama ileile. Siku uliyokosa andika neno moja dogo: *mvua*, *umeme*, *alamu*, *safari*, *uvivu*. Usiache wazi. Hayo maneno ndiyo yatakayokuambia cha kurekebisha. Ukiona *alamu* mara tatu, rudi hatua ya 4. Ukiona *foleni*, tatizo liko hatua ya 2.

Hesabu kwa mwezi, usihesabu mfululizo. Programu nyingi hukurudisha sifuri ukikosa siku moja, na aliyekuwa na siku 40 anayeona sifuri huacha. Kalenda inasema 27 kati ya 30, na huo ni mwezi mzuri.

Ukitaka programu bado, chagua isiyohitaji intaneti wala akaunti. Loop Habit Tracker ya Android ni ya bure, haina matangazo na inafanya kazi bila bando. Toa nakala yake ya akiba kila mwisho wa mwezi, na kwenye kalenda andika jumla ya mwezi kwa wino. Simu huibiwa.

Hatua ya 7: Kwa wenye lengo la akiba tu

Hela ndogo za kila siku ziingie kibubu. Mweleze fundi seremala akufungie pande zote kwa misumari, pabaki tundu la juu tu, bila kifuniko wala kufuli. Kuhamisha 2,000 kila siku kwa simu kunaliwa na makato. Kama hutaki fedha nyingi ndani ya nyumba, tumia bahasha badala ya kibubu, na kila Jumamosi ipeleke kwa wakala mara moja.

Mwenye mshahara afanye kinyume: ahamishe mara moja, siku ileile fedha inapoingia. Benki zina agizo la kudumu. Lipange siku moja au mbili baada ya tarehe ambayo mshahara huingia kweli, si tarehe iliyo kwenye mkataba, kwa sababu likikuta salio halitoshi litashindwa. Walioko Kenya wana M-PESA Ratiba tangu 2024 kwa malipo ya kujirudia, na M-Shwari, iliyoanza 2012, ina akaunti ya kufungia fedha kwa muda.

Onyo: mtandao ukisumbua na ukaambiwa muamala umeshindikana, au kukawa kimya, usirudie papo hapo. Subiri ujumbe, angalia salio, ndipo urudie. Walio na haraka hutuma mara mbili. Na namba ya siri usimpe mtu anayekusaidia "kuweka sawa", hata awe mpwa wako.

Hatua ya 8: Shahidi na siku saba za majaribio

Mwambie mtu mmoja, si kundi zima. Ukitangazia watu 60 utapata pongezi za kazi ambayo hujaifanya, na pongezi zikishaingia hamu hupungua. Mpango uwe huu: kila Jumapili jioni umtumie meseji ya kawaida yenye tarakimu mbili, mathalani 5/7. Meseji haihitaji bando, na haimpi nafasi ya kuanzisha mazungumzo marefu. Asijibu kitu isipokuwa hujatuma. Mume au mke si chaguo zuri kwa kazi hii. Lengo litageuka kesi ya nyumbani.

Siku saba za kwanza hazihesabiwi. Kazi yake ni kutafuta kinachovuja: alamu imelia? raba zilikuwa mahali pake? mswaki ulikukumbusha kitabu? Rekebisha kitu kimoja kila jioni. Siku ya nane ndiyo ya kwanza.

Mambo yakiharibika

*Alamu haikulia kabisa.* Angalia kwa mpangilio huu: ilikuwa imewashwa? siku ya leo ilichaguliwa? saa ni 05 au 17? simu ilizimika usiku? Zote zikiwa sawa, hamia kwenye saa iliyokuja na simu.

*Imelia kimya, kioo kinawaka tu.* Mstari wa sauti ya alamu umeshuka, au, kwa baadhi ya simu, kuna spika ya bluetooth au spika za masikioni zilizounganishwa. Zima bluetooth kabla ya kulala.

*Imelia, nimeizima, nimerudi kulala.* Sogeza meza mbali zaidi, ondoa kitufe cha kuahirisha kama simu yako inaruhusu, na tazama saa ya kulala. Anayelala saa sita usiku na kutaka kuamka kumi na moja hana tatizo la alamu. Rudisha saa ya kulala nyuma kwa dakika 15 kila siku tatu hadi usingizi utoshe.

*Simu inasema nafasi imejaa, programu haihifadhi.* Mara nyingi ni video za makundi. Kwenye WhatsApp nenda Mipangilio, hifadhi na data, dhibiti hifadhi. Anza kufuta zinazozidi 5 MB na zilizosambazwa mara nyingi. Kisha zima upakuaji wa picha na video wa moja kwa moja, la sivyo baada ya wiki mbili utakuwa palepale.

*Nimesoma saa sita na robo usiku, programu imeandika siku ya kesho.* Kwa simu siku hubadilika saa sita usiku. Loop ina chaguo la kuchelewesha siku mpya hadi saa tisa usiku, liwashe. Kwenye kalenda ya ukutani tatizo hili halipo.

*Nimesafiri.* Kata kipande cha karatasi, andika tarehe za safari, kitie kwenye pochi pamoja na ile karatasi ngumu. Safarini fanya kiwango cha chini tu, hata kama una muda. Ukirudi nakili kwenye kalenda siku hiyohiyo.

*Nimeumwa.* Mwenye homa hafanyi mazoezi, hata yale ya mara 10. Andika *homa* kila siku uliyolala, ukipona anza na kiwango cha chini kwa siku mbili.

*Nimeruka siku tatu.* Usilipe deni. Kusoma kurasa 20 leo kufidia, au kutembea saa nzima, kunakuchosha na kesho utaruka tena. Fanya kiwango cha chini leo, andika sababu za siku zilizopita kwenye visanduku vyake, endelea. Kosa moja liachie. La pili mfululizo ndilo la kupigania.

*Nimekosa zaidi ya siku 10 ndani ya mwezi, sababu zote tofauti.* Kitendo ni kikubwa mno. Kikate nusu: dakika 10, kurasa 2, shilingi 1,000. Usikipandishe kabla ya mwezi mmoja.

*Nimebadilisha simu.* Hatua yote ya 4 irudiwe, kwa sababu alamu zako huenda zisihamie, na ruhusa za betri unazianza upya. Usiiuze wala kumpa mtu ile ya zamani kabla mpya haijalia asubuhi tatu mfululizo.